Mtutu wa Pili

Watu wengi wanaoijua Ithaca, katika jimbo la New York, wanaijua kwa Chuo Kikuu cha Cornell kilichokaa juu ya kilima. Nami chuo ndicho kilichonipeleka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwanafunzi pale, na jioni kadhaa kwa wiki nikisaidia kufundisha Kiswahili kwa vijana wa Kimarekani waliotarajia kwenda Dar es Salaam au Nairobi. Ila kodi za vyumba vya kilimani zilinishinda. Nikapata chumba bondeni, karibu na Maporomoko ya Ithaca, pale mto Fall Creek unapojitupa kutoka kimo cha mita 45 hivi, kisha ukatulia na kwenda zake Ziwa Cayuga. Huko chini mji ulikuwa na wazee wake na habari zake, na chuo hakikutajwa sana.

Kilichotajwa ni bunduki. Juu ya maporomoko, kwenye mteremko ambao wenyeji waliuita Gun Hill, lilisimama gofu la kiwanda cha Ithaca Gun. Kampuni hiyo ilianza miaka ya 1880, ikiendesha mitambo yake kwa nguvu ya maji ya mto, na kwa takriban miaka mia ikatengeneza bunduki za kuwindia pale pale. Zilizoijengea jina mwanzoni ni zile za mitutu miwili iliyolala sambamba. Annie Oakley, yule mama mlenga shabaha wa maonyesho ya Buffalo Bill, alizitumia, na John Philip Sousa, mtunzi wa muziki wa bendi za kijeshi, alizipenda. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, kiwanda kikageukia bastola za jeshi. Katikati ya miaka ya 1980 mashine zilinyamaza, na jina la kampuni likahamia King Ferry, kijiji cha upande wa mashariki wa ziwa. Mimi nilikuta madirisha matupu, magugu yaliyoota hadi kwenye ngazi, na bomba refu la moshi lenye jina la kampuni, ambalo ungeliona ukiwa mbali.

Mwenye nyumba wangu alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ndani ya jengo hilo. Nilimwita Mzee tangu wiki ya kwanza, akaitikia, na baada ya muda hata jirani yake aliyekuja kucheza karata alianza kumwita hivyo. Alikuwa mrefu, mkimya asubuhi na msemaji jioni, na kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kidogo kwa ajili ya kushika tupa. Kazi yake kiwandani ilikuwa kuoanisha mitutu na miili ya bunduki. Alipoitaja kazi hiyo nilidhani ni kama kufunga nati na kuipitisha bunduki kwa mtu anayefuata kwenye mstari.

Kwetu Kilosa bunduki ilikuwa jambo la kibali, la polisi, la mwenyekiti wa kijiji. Tulizoziona ni magobore ya wazee, zile zinazoshindiliwa baruti kwa mdomoni, nazo zilitolewa ndani kwa shughuli maalumu, nguruwe pori walipoingia mahindini. Ithaca niliikuta bunduki imeegemea ukuta wa jikoni, kando ya miavuli. Sikusema kitu. Mzee aliona nilivyoipita kwa mbali kila nilipokwenda kuchemsha chai, na siku chache baadaye haikuwapo tena. Aliishusha chini ya nyumba, kwenye karakana yake, akaifungia kabatini kwa kufuli. Sikumwomba afanye hivyo, wala hatukuzungumzia.

Ndiyo bunduki ninayotaka kuieleza. Ilikuwa shotgani ya pampu, Ithaca Modeli 37, geji 12, aliyoinunua kwa mshahara wake miaka ya 1950. Anayeisikia geji 12 kwa mara ya kwanza hudhani ni kipimo cha urefu fulani. Hesabu yake ni ya uzito: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe katika gololi 12 zilizo sawa, na upana wa gololi moja ndio upana wa tundu la mtutu, kiasi cha milimita 18 na nusu. Hesabu hii ni ya tangu zama za kushindilia kwa mdomoni, kwa hiyo magobore ya Kilosa na bunduki ya Mzee zilikuwa na ukoo fulani.

Aliyeibuni Modeli 37 ni John Browning. Remington waliiuza kwanza kwa jina la Modeli 17, katika geji 20 peke yake, kuanzia 1921, na Browning akafariki 1926. Hataza zake zilipokaribia kuisha, Ithaca Gun wakajiandaa kuitoa kwa jina lao mwaka 1933, wakakuta bado kuna hataza ya mtu mwingine, John Pedersen, iliyowazuia. Wakasubiri. Ilipotoka 1937 wakaipa namba ya mwaka huo. Uzuri wake ni kwamba tundu ni moja tu, chini ya tumbo: risasi zinaingia hapo, na maganda yanatokea hapo hapo. Mvua na theluji hazina pa kuingilia, na anayetumia mkono wa kushoto hapigwi na ganda la moto usoni. Mwili wake umechongwa kutoka kwenye pande moja la chuma, na bado bunduki nzima ina uzito wa kilo tatu hivi. Viwanda vikubwa vilitengeneza nyingi zaidi. Mzee aliziita za kukanyagia matope, na hakumaanisha sifa.

Tatizo lake lilikuwa mtutu. Ulikuwa wa ndege: mrefu, umebanwa mdomoni ili marisau yatoke yamekusanyika, na juu yake ushanga mdogo wa shaba badala ya vilenga. Kwa bata wa ziwani ulimtosha. Lakini katika kaunti ile siku zile kulungu hawakuwindwa kwa raifo; nyumba ziko karibu karibu, na risasi ya raifo inasafiri mbali mno. Waliwindwa kwa shotgani yenye risasi moja nzito, ya aina aliyoibuni Karl Foster mwaka 1931, yenye tundu nyuma ili uzito ukae mbele. Ukiipitisha kwenye mtutu wa ndege inatoka, ila inakwenda inakotaka. Mwaka 1959 kampuni ilitoa mtutu wa kazi hiyo, jina lake Deerslayer, wenye vilenga vya chuma mbele na nyuma na tundu lililobana kidogo ili risasi ya Foster isiyumbe ndani. Mzee alikuwa ameishika mitutu ya namna hiyo kwa mamia, na hakuwahi kununua hata mmoja. Akiwa kiwandani aliona aibu kulipia kitu anachokishika kila siku, na kiwanda kilipofungwa hakukuwa tena na dirisha la kununulia.

Aliupata kwenye mnada wa bunduki, Septemba ile, katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, nami nilikwenda naye kwa sababu gari lake lilihitaji mtu wa kulisukuma. Kwenye meza ndefu vitako vya mbao vya bunduki vilipangwa karibu na pai za maboga zilizookwa na akina mama wa kikosi. Mzee aliuokota mtutu, akauelekeza kwenye taa, akachungulia kwa jicho moja kwa muda mrefu, akaugeuza, akachungulia tena. Alitafuta kivuli: mtutu ulionyooka unaonyesha duara za mwanga zilizo sawa, uliopinda duara zinavutika upande mmoja. Akalipa noti, akaweka mtutu kwapani, tukaondoka. Hakuna aliyeandika jina lake. Nilimuuliza inawezekanaje. Akaniambia kwamba kwa sheria ya Marekani bunduki ni ule mwili wenye namba, ndio wenye karatasi. Mtutu ni kipuri. Nilishangaa siku nzima. Kwetu askari akikuta mtutu mtupu uvunguni mwako, maelezo hayo hayatakufikisha mbali.

Hapo ndipo nilipoisikia namba 855,000. Modeli 37 zenye namba za chini ya hapo, yaani zote za kuanzia 1937 hadi miaka ya mwanzo ya 1960, zilioanishwa moja moja. Mtu kama Mzee alichukua mwili huu na mtutu huu, akavichonga hadi vikubaliane, kisha mtutu ukagongwa namba ile ile ya mwili. Zilizofuata baada ya namba hiyo zilitengenezwa kwa vipimo vilivyobana kiasi kwamba mtutu wowote unaingia kwenye mwili wowote. Bunduki ya Mzee ilikuwa ya upande wa kale wa namba. Mtutu tuliorudi nao ulikuwa wa upande mpya.

Wamarekani wanajivunia vipuri vinavyobadilishana. Watoto wanafundishwa shuleni habari za Eli Whitney, kwamba mwaka 1801 alimwaga vipande vya bunduki mbele ya wakubwa wa Washington na kuviunganisha papo hapo bila kuchagua. Wanahistoria walipozipima baadaye bunduki zilizobaki za Whitney wakakuta vipande havibadilishani. Onyesho lilikuwa limeandaliwa. Mimi naona kile kisa kinasema kweli zaidi kikiwa na uongo wake ndani. Miaka 150 na zaidi baada ya Whitney, kwenye mlima huu wa Ithaca, bado kulikuwa na watu wanaolipwa mshahara kumaliza kwa tupa kazi ambayo mashine haikuifikisha.

Jioni moja ya Oktoba akaniita chini. Kabla ya kugusa lolote alivuta mkono wa mbele, akachungulia chumba cha risasi, akatia kidole, akageuza bunduki juu chini akatia kidole tena kwenye tundu la tumbo. Kisha akanipa mimi nifanye vile vile. Alikuwa ameshahakikisha, alitaka watu wawili wawe wamehakikisha. Modeli 37 za kale zina tabia moja ya kutisha: ukishikilia kifyatulio huku ukisukuma mkono wa mbele, inalipuka yenyewe inapofunga. Alinionyesha kwa chumba kitupu, tak, na hakunionyesha tena.

Kuutoa mtutu wa zamani ilikuwa kazi ya dakika. Mbele ya bomba linalobeba risasi kuna nati yenye kijiti kinachochomoza. Unakitumia kuizungusha hadi iachie kishikio kilicho chini ya mtutu. Kisha unazungusha mtutu robo duara, nao unatoka mkononi. Kitako cha mtutu kina meno ya skrubu yaliyokatwa kwa mapengo, na ndani ya mwili meno ni hivyo hivyo, kwa hiyo meno ya huku yanapita kwenye mapengo ya kule, na robo duara inayafunga yote kwa pamoja. Alipoukamata ule wa zamani na kuurudisha, ulizunguka bila kelele ukasimama mahali pake. Alifanya hivyo kama mara tatu, nadhani kwa raha tu.

Kisha mpya. Uliingia, ukaanza kuzunguka, ukagoma kabla robo haijatimia. Vilenga vilikuwa vimelala upande, na kishikio cha chini hakikufika kwenye nati. Nikasema labda tuulazimishe kwa jiliwa na kipande cha ngozi. Mzee alinitazama kwa upole aliokuwa nao kwa wanafunzi wa chuo.

Aliwasha mshumaa. Akapitisha bega la mtutu, yaani ile ngazi nyembamba inayokwenda kukaa kwenye uso wa mwili wa bunduki, juu ya ncha ya mwali hadi likawa jeusi kwa masizi. Akauingiza mtutu, akauzungusha hadi ulipogomea, akautoa. Palipogusana masizi yalikuwa yamefutika na chuma kinang'aa: sehemu moja fupi, upande mmoja tu, isiyozidi upana wa ukucha. Kumbe mtutu ulikuwa unazuiwa na pale padogo, na pengine pote palikuwa bado hewa. Akachukua jiwe la kunolea lenye mafuta, si tupa, akapasugua pale penye kung'aa, mipito michache, akafuta, akarudi kwenye mshumaa.

Hivyo ndivyo usiku ulivyokwenda. Masizi, ingiza, zungusha, toa, tazama, sugua. Mwanzoni nilikuwa naona doa lile lile. Baadaye nikaanza kuona madoa yanahama: la kwanza linapoondoka, mawili yanatokea upande wa pili, kisha yanaungana, na mtutu unasogea unywele mmoja zaidi kuelekea mahali pake. Mzee hakupima kwa chombo chochote katika hatua hii. Alisikiliza kwa vifundo vya mkono. Aliniachia nijaribu kuzungusha, nami sikusikia tofauti yoyote kati ya mara ya sita na ya saba. Yeye alisema kuna chembe ya mchanga, akafuta, na kweli ilikuwapo.

Sababu ya uangalifu wote huo aliieleza huku akisugua. Komeo la bunduki hii likifunga, sehemu yake ya nyuma inainuka na kujikita kwenye ngazi iliyochongwa ndani ya dari ya mwili. Halisogei tena. Kwa hiyo mtutu ndio unaoamua ganda la risasi litapata nafasi gani kati ya uso wa komeo na kitako cha chumba. Unapopunguza bega, mtutu unazunguka zaidi, na kwa kuzunguka unajivuta nyuma kuelekea kwenye komeo. Ukipunguza kidogo mno, vilenga vimelala. Ukipunguza kupita kiasi, mtutu unavuka mahali pake, na hakuna jiwe linalorudisha chuma. Nafasi ikiwa finyu, komeo halifungi. Ikiwa pana, ganda halina kinacholiegemeza nyuma wakati wa mlipuko, nalo linaweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji. Kwenye droo alikuwa na geji mbili za chuma zenye umbo la kitako cha ganda: ya kwanza komeo lazima lifunge juu yake, ya pili lazima likatae. Komeo lilifunga kwa ya kwanza na kukataa kwa ya pili, akazirudisha ndani ya kitambaa chake.

Nilimuuliza kiwandani walikuwa wanaoanisha mingapi kwa siku. Akacheka, akasema msimamizi alipenda sana swali hilo.

Vilenga viliposimama wima na kishikio kikakaa sawasawa juu ya nati, ilikuwa imebaki namba. Alitafuta nyundo ndogo na chapa zake, akagonga tarakimu nne za mwisho za namba ya bunduki chini ya mtutu mpya, mahali panapofichwa na mti. Ziliyumba kidogo. Chapa za kiwanda, alisema, zilikuwa na kishikizo cha kuzinyoosha.

Risasi ya kwanza hakuipiga kwa bega. Tulikwenda kwenye shamba la rafiki yake upande wa Danby, akaifunga bunduki kwenye gurudumu kuukuu la trekta, akafunga kamba kwenye kifyatulio, tukasimama nyuma ya mti mnene. Mlio ulirudi kutoka vilimani. Aliokota ganda akaligeuza kwenye mwanga: hakuna uvimbe, hakuna ufa, kofia ya baruti imelala sawa na kitako. Baada ya risasi nyingine mbili za kamba ndipo alipolala juu ya mfuko wa mchanga na kupiga kwenye karatasi umbali wa mita 45 hivi. Matundu yalikaa ndani ya eneo la kiganja, chini kidogo upande wa kushoto. Akasogeza kilenga cha nyuma. Nami nilipiga moja, kwa kuwa alisisitiza. Bega liliniuma hadi darasa la Jumatano, na wanafunzi wangu walifurahi kujifunza namna ya kusema hivyo.

Msimu wa kulungu ulifunguliwa siku ya Jumatatu, katika nusu ya pili ya Novemba. Kabla hapajapambazuka barabara za vijijini zilijaa malori madogo, na kila mtu porini alivaa rangi ya chungwa inayoumiza macho. Mzee aliondoka gizani na kurudi mchana bila kitu, amefurahi kabisa. Alhamisi alirudi na dume dogo, tukala nyama hiyo hadi Februari. Mimi niliipika kwa nazi ya kopo na pilipili, yeye akaila kwa heshima na kuongeza chumvi.

Niliondoka Ithaca baada ya miaka kadhaa, naye akafariki nikiwa nimesharudi nyumbani. Habari za Gun Hill nimezisoma kwa mbali. Serikali ya shirikisho ililazimika kusafisha korongo miaka ya mwanzo ya 2000, kwa sababu udongo wake ulikuwa umejaa madini ya risasi yaliyoachwa na shughuli za kiwanda, yakiwamo marisau ya majaribio. Majengo yakabomolewa baadaye. Mzee aliyajua hayo marisau. Aliwahi kuniambia nisile samaki wa chini ya maporomoko, na sikumuuliza kwa nini.

Bunduki ilikwenda kwa mpwa wake, mwanamke wa Cortland anayetumia mkono wa kushoto, kwa hiyo ilipata mtu wake. Tuliandikiana kwa ajili ya vitabu nilivyoviacha. Katika barua moja aliniuliza kama mtutu wa tatu, wenye mifereji ndani, aliouona dukani kwa bei nzuri, ungeingia. Nilimjibu kwamba muuzaji akisema ndiyo asimwamini, amwonyeshe kwanza namba. Akapata fundi ng'ambo ya mpaka, Pennsylvania, aliyekubali kuuoanisha kwa mkono, ila alitaka bunduki ikae kwake wiki sita na bei yake ilizidi ya mtutu.